Dereva wa Filamu Si Dereva Aliyefeli

Imani kwamba dereva wa mashindano ya magari huenda kwenye filamu baada ya kufeli mbio ni ya siku nyingi, nayo hurudiwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajawahi kujiuliza dereva huyo hufanya kazi gani hasa akishafika huko. Imesikika tena hivi karibuni katika kipindi cha michezo cha redio moja, ambamo mchambuzi aliyeulizwa kuhusu uamuzi wa akademi ya filamu ya Marekani kuanzisha tuzo ya Oscar ya ubunifu wa stanti alicheka, akasema kwamba sasa hata walioshindwa mbio watapanda jukwaani kuchukua sanamu. Wenzake studioni walicheka naye, kisha wakaendelea na matokeo ya ligi. Stanti, kwa faida ya msomaji asiyelizoea neno hilo, ni kitendo cha hatari katika filamu, kama vile kupindua gari, kuanguka kutoka ghorofani au kupita katikati ya moto, ambacho hupangwa, hupimwa na kufanyiwa mazoezi ili kamera ikinase na mtendaji wake arudi nyumbani mzima. Tuzo yenyewe ilitangazwa Aprili 2025, na itatolewa kwa mara ya kwanza katika sherehe ya 100 mwaka 2028, kwa filamu zitakazotoka mwaka 2027. Fani iliyokuwapo tangu enzi za filamu zisizo na sauti imengoja karibu karne nzima kutambuliwa, na siku ilipotambuliwa ikapokewa kwa kicheko.

Kicheko hicho kimejengwa juu ya hoja iliyooza tangu msingi, yaani kwamba kushinda mbio ndicho kipimo pekee cha dereva, na kwamba anayeondoka bila kombe ameondoka bila ujuzi. Maisha ya Mfaransa Jean-Pierre Jarier yanatosha kuibomoa. Jarier, aliyezaliwa mwaka 1946, alikuwa bingwa wa Ulaya wa Formula Two mwaka 1973, akashindana katika Formula One, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa ya mashindano ya magari ya kiti kimoja, kati ya mwaka 1971 na 1983, akaanza mbio zaidi ya 130 na hakushinda hata moja. Kwa mchambuzi wa redio habari inaishia hapo, kwa kuwa sifuri ni tarakimu rahisi kusoma. Lakini Januari 1975, nchini Argentina, Jarier alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia, ile anayopewa dereva aliyezunguka uwanja kwa kasi kuliko wenzake wote katika majaribio, na gari lake aina ya Shadow likafa difu katika mzunguko wa kupasha moto, kabla mbio hazijaanza. Wiki mbili baadaye, nchini Brazil, alipata nafasi hiyo tena, akaongoza mbio mpaka ikabaki mizunguko michache tu, mfumo wa kupimia mafuta ukaharibika. Mwaka 1978 timu ya Lotus ilimwita achukue gari lililoachwa wazi na kifo cha Ronnie Peterson, aliyefariki baada ya ajali ya Monza, na Jarier akafika Montreal, uwanja ambao ulikuwa mpya kwa kila mtu, akaanza wa kwanza, akaongoza kwa zaidi ya nusu ya mbio hadi gari lilipoanza kuvuja na kumlazimisha kuegesha. Ushindi ule ulikwenda kwa Gilles Villeneuve, ukawa wa kwanza katika maisha yake, na Wakanada wanausherehekea hadi leo. Hakuna mzaha wowote katika kuuliza ni nani aliyefeli siku ile, mtu au gari.

Mashindano ya magari hayampimi dereva peke yake, hata pale yanapojidai kufanya hivyo. Hupima injini, matairi, mafundi, wahandisi waliochora gari miezi mingi kabla, na zaidi ya yote hupima mfuko wa aliyelipia vitu hivyo vyote. Mwingereza Perry McCarthy alisajiliwa mwaka 1992 na timu ya Andrea Moda, asianze hata mbio moja, kwa kuwa timu hiyo ilikosa vifaa na mpango kiasi cha kufukuzwa kwenye ubingwa kabla msimu haujaisha, na bado yupo atakayesema kwamba McCarthy hakujua kuendesha. Wapo pia watakaomtaja Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 kwa gari la Volvo lililokwishatumika, kama ushahidi kwamba kipaji hushinda umaskini, wakisahau kwamba Singh alikuwa fundi makanika mwenyewe, aliyeweza kulisikiliza gari lake kwa sikio, neema ambayo dereva wa Formula One haruhusiwi hata kuiota. Na ikiwa ni lazima mambo ya nyumbani yaguswe, basi itajwe pia kwamba vijana wengi wa Afrika Mashariki wenye mikono ya kuendesha hawatafika kamwe kwenye mstari wa kuanzia, kwa sababu seti moja ya matairi ya rali hugharimu mshahara wa miezi, na kampuni zenye fedha za udhamini huzipeleka zaidi kwenye mpira wa miguu. Hao nao, kwa mantiki ya mchambuzi, wamefeli.

Suala la msingi, hata hivyo, si huruma kwa walioonewa na mashine. Dereva wa stanti hupimwa kwa kipimo kingine kabisa, ambacho uwanja wa mbio haukijui, nacho ni uwezo wa kulifikisha gari palepale lilipotakiwa, kwa kasi ileile iliyokubaliwa, na kisha kulifikisha palepale tena kila muongozaji atakapoagiza. Katika mbio, dereva aliyekosea kona kwa mita moja hupoteza sehemu ya sekunde na huweza kuirudisha katika mzunguko unaofuata. Katika filamu, mita hiyo moja ndiyo nafasi aliyosimama mpiga picha. Mtu aliyefundishwa kwa miaka kumi au zaidi kwamba kazi yake ni kwenda haraka kuliko wengine wote anapaswa kujifunza kwamba haraka haina faida yoyote ikiwa gari limesimama hatua mbili mbele ya alama ya chaki, na kujifunza huko si kuteremka ngazi, kwa sababu ngazi zenyewe ni mbili na ziko katika majengo tofauti.

Jarier alionekana, au kwa usahihi zaidi hakuonekana, katika filamu ya Ronin ya mwaka 1998, ambayo iliongozwa na John Frankenheimer na kupigwa Paris, Nice na sehemu nyingine za Ufaransa. Frankenheimer hakuwa mgeni wa magari, kwani mwaka 1966 alikuwa ametengeneza filamu ya Grand Prix akiwatumia madereva halisi wa Formula One, na katika Ronin alikataa ule ujanja wa zamani wa kupiga picha polepole na kuzionyesha kwa mwendo wa kawaida, ambao hulifanya gari linalotembea kilomita 50 kwa saa lionekane linakwenda 100. Gari lilitakiwa liende kweli. Pamoja na hayo, sura za Robert De Niro na Natascha McElhone zilitakiwa ziwe ndani ya gari wakati linakwenda, si studioni mbele ya picha ya barabara. Ufumbuzi uliopatikana, ambao msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea usukani wa kulia ataufahamu upesi kuliko Mfaransa, ulikuwa kutumia magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Uingereza, yenye usukani upande wa kulia, na kufunga usukani wa bandia upande wa kushoto, ambako mwigizaji alikaa akiuzungusha huku na huku akiwa amekunja uso, wakati dereva halisi aliyeketi kulia, nje ya jicho la kamera, ndiye aliyekuwa akiendesha.

Hali hiyo inafaa itazamwe kwa karibu, maana ndani yake ndimo ilimo kazi yenyewe. Dereva anaendesha katika mitaa ya Paris kwa mwendo ambao polisi wasingeuvumilia siku nyingine yoyote, akiwa na kamera nzito iliyofungwa kwenye boneti au ubavuni, ambayo imebadili uzito wa gari na tabia yake katika kona, na pembeni yake ameketi mtu maarufu mwenye mkataba wa mamilioni, ambaye hofu iliyo usoni mwake si ya kuigiza hata kidogo. Magari yanayokuja mbele yake katika ile sehemu ya kukimbizana upande usio wao wa barabara nayo yanaendeshwa na watu wa stanti, ambao kila mmoja anajua atapishana naye wapi na kwa upana gani, kwa hiyo mmoja akichelewa kwa kitambo kidogo, mpango wa wote unavurugika. Picha inapigwa. Muongozaji anatazama alichokipata, anaona jua limeakisi vibaya kwenye kioo, na anaomba irudiwe, kisha magari yote yanarudishwa mwanzo na kila kitu kinafanywa upya bila tofauti ya upana wa kiganja. Bingwa yeyote wa dunia anaweza kulipita gari jingine kwa ustadi mara moja, katika msisimko wa mbio. Kurudia jambo hilohilo mchana kutwa bila msisimko wowote, kwa kuwa wingu lilipita au kofia ya mwigizaji ilikaa upande, ni kazi inayohitaji utulivu ambao mashindano hayaujengi na mara nyingi huuharibu.

Ushahidi kwamba stanti ni kipimo kabla ya kuwa ujasiri umekuwa hadharani tangu mwaka 1974, filamu ya James Bond iitwayo The Man with the Golden Gun ilipoonyesha gari aina ya AMC Hornet likiruka mto nchini Thailand huku likijizungusha hewani duara kamili kama parafujo, na kutua kwa magurudumu yake ng'ambo ya pili. Mruko huo ulikokotolewa kwa kompyuta na watafiti wa maabara ya usafiri wa anga ya Cornell huko Buffalo, Marekani, miaka ambayo kompyuta ilikuwa mashine ya vyuo na majeshi. Usukani ulihamishiwa katikati ya gari ili uzito wa dereva usielemee upande mmoja, uzito wa dereva mwenyewe uliingizwa kwenye hesabu, na kasi iliyotakiwa ilikuwa kama kilomita 64 kwa saa, si pungufu sana wala si zaidi sana. Kasi hiyo hufikiwa na daladala yoyote kati ya Ubungo na Kimara saa ambazo hakuna foleni. Dereva, aliyejulikana kwa jina la Bumps Willert, alifanya kazi hiyo mara moja na picha ikapatikana. Kama angekuwa jasiri zaidi, akaongeza mwendo kwa moyo wa kishujaa, angetua mtoni.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2006, katika filamu ya Casino Royale, ambapo Adam Kirley alipaswa kupindua gari la Aston Martin DBS. Gari hilo lilitengenezwa chini na pana kiasi kwamba lilikataa kupinduka kwa njia ya kawaida ya kupanda mteremko mdogo wa bandia, ndipo mafundi wakafunga nyuma ya kiti cha dereva mzinga wa hewa iliyoshindiliwa, ambao ulifyatuka kuelekea ardhini na kulirusha gari wakati likienda zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Lilibiringika mara 7, idadi iliyoingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness, na Kirley akatoka akiwa salama ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma kilichochomelewa kumzunguka. Aliyebonyeza kitufe cha mzinga ni dereva huyohuyo, na alitakiwa akibonyeze akiwa mahali fulani pa barabara na gari likiwa limekaa pembe fulani, si mapema wala baadaye. Hapa pia hakuna nafasi ya wazimu, kwa sababu mwendawazimu hupitwa na alama.

Hapa ndipo hutokea pingamizi linalopendwa sana vijiweni, la kwamba dereva yeyote wa basi la mkoani, aliyezoea kupita magari katika mlima wa Kitonga usiku wa mvua, angeifanya kazi hiyo akiwa anatafuna karanga. Pingamizi hilo linastahili kujibiwa kwa heshima linayostahili, yaani kidogo. Dereva huyo wa basi aombwe arudi kesho saa ileile, apite lori lilelile kwenye kona ileile, aache nafasi ileile ya nusu mita, kisha afanye hivyo tena mara nne kabla ya chakula cha mchana huku abiria wakiwa wametulia kwa ajili ya kupigwa picha. Alichonacho ni bahati ambayo bado haijaisha, na magazeti huandika siku inapoisha. Kwamba jamii inaweza kuuweka uzembe wa barabarani katika kundi moja na fani ya watu wanaopima barabara kwa futi kamba kabla ya kuwasha gari ni jambo la kusikitisha, na pengine linaeleza kwa nini kijana wa bodaboda anayenyanyua tairi la mbele mbele ya shule hujiona mwigizaji. Huyo hakuona mazoezi wala kizimba cha chuma, na wala hakumwona zimamoto aliyesimama nyuma ya kamera. Ameona gari likiruka, na akaambiwa na watu wazima kwamba anayeruka hivyo ni mtu aliyekosa akili au aliyekosa kazi nyingine.

Lawama ya upotofu huu haiwezi kuondolewa kwa wenye filamu wenyewe, ambao kwa miongo mingi wamefaidika kwa kuwafanya watazamaji waamini kwamba stelingi ndiye anayeendesha. Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua kanuni kwamba stelingi hafi. Kanuni ya pili, ambayo hakuna aliyeitangaza, ni kwamba stelingi hafi kwa sababu mara nyingi hayumo ndani ya gari. Steve McQueen alipenda mbio kwa dhati na aliendesha vizuri kuliko waigizaji wote wa rika lake, lakini hata yeye, katika ukimbizanaji maarufu wa filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 katika vilima vya San Francisco, alikosea kona wakati wa kupiga picha, na sehemu ngumu zikafanywa na Bud Ekins, mwendesha pikipiki wa mashindano ya jangwani. Watazamaji makini wanaeleza kwamba kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kikielekezwa ili uso uonekane, aliyeko ni McQueen, na kikigeuzwa uso usionekane, aliyeko ni Ekins. Ni Ekins pia aliyeruka ua wa nyaya kwa pikipiki katika The Great Escape ya mwaka 1963, mruko ambao bado unabandikwa kwenye mabango kwa jina la McQueen. Ekins hakuacha pikipiki kwa kushindwa. Alikuwa miongoni mwa Wamarekani hodari wa mbio za porini wakati anaombwa kufanya hivyo.

Tabia hii ya kuficha imefika mbali kiasi cha kuwa mchezo. Ben Collins, Mwingereza aliyeshindana katika Formula Three na katika mbio za saa 24 za Le Mans, alivaa ovaroli na kofia nyeupe kwa miaka kadhaa katika kipindi cha televisheni cha Top Gear akiitwa The Stig, asiruhusiwe kuonyesha uso wala kutaja jina, na mwaka 2010 alipotaka kuchapisha kitabu kilichomtambulisha, BBC ilikwenda mahakamani kumzuia, ikashindwa. Wakati huohuo alikuwa akiendesha katika filamu za James Bond, ambako nako uso uliohitajika ulikuwa wa mtu mwingine. Mtazamaji hawezi kumheshimu asiyemjua, na hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni vituo vya televisheni vya hapa kwetu, ambavyo filamu ikimalizika tu, kabla hata wimbo wa mwisho haujaanza, huyakata majina ya watendaji na kuingiza tangazo la kubeti, kana kwamba filamu ilijitengeneza. Katika yale majina madogo yanayopanda haraka kwenye kioo ndimo walimo madereva, na ndipo mahali pekee ambapo wangeweza kusalimiwa.

Mwenye kushikilia bado kwamba wanaokwenda kwenye filamu ni makapi ya mbio aeleze habari za Mark Higgins wa kisiwa cha Man, bingwa wa rali wa Uingereza mara 3, katika miaka ya 1997, 2005 na 2006, ambaye aliendesha katika filamu kadhaa za James Bond, ikiwemo Spectre na ukimbizanaji wake wa usiku katika mitaa ya Roma. Higgins hakuwa ameishiwa. Katika miaka hiyohiyo ya filamu aliweka rekodi ya gari katika barabara ya kisiwa chake ambayo kwa kawaida hutumiwa na mbio za pikipiki za TT, akaivunja mwenyewe mwaka 2014 na tena mwaka 2016. Aeleze pia habari za Jessica Hawkins, aliyeshindana katika W Series, mashindano ya wanawake ambayo mwaka 2022 yalisimama kabla ya msimu kwisha kwa kukosa fedha, si kwa kukosa madereva. Hawkins alifanya stanti katika No Time to Die, na Septemba 2023, baada ya filamu hiyo, timu ya Aston Martin ilimkabidhi gari la Formula One katika uwanja wa Hungaroring, akawa mwanamke wa kwanza kuendesha gari la aina hiyo kwa karibu miaka 5. Ikiwa filamu ni jalala la madereva, basi Aston Martin wana tabia ya ajabu ya kuokota jalalani.

Habari za Mmarekani Kitty O'Neil zinaumiza zaidi. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, akafanya kazi ya stanti Hollywood kwa niaba ya waigizaji wakubwa, akiwemo Lynda Carter katika tamthilia ya Wonder Woman, na Desemba 1976, katika jangwa la Alvord jimboni Oregon, aliendesha chombo cha magurudumu matatu chenye injini ya roketi kwa kasi ya wastani ya kilomita 825 kwa saa, rekodi ya wanawake iliyodumu kwa zaidi ya miaka 40. Chombo kilikuwa na uwezo wa kwenda kasi zaidi. Kilichomzuia asiendelee kuitafuta rekodi ya watu wote kilikuwa mkataba, kwa kuwa wafadhili walitaka heshima hiyo imwendee mwanamume, Hal Needham, ambaye naye alikuwa mtu wa stanti na hakuivunja. Kisa hiki kinaonyesha pia kwamba mpaka kati ya mbio na stanti, ambao wachambuzi wanaulinda kwa bidii, haukuwahi kuwapo kwa wanaofanya kazi zenyewe, kwani O'Neil aliuvuka asubuhi na jioni.

Hakuna haja ya kudai kwamba fani hii haina makosa. David Piper, dereva wa mbio za masafa marefu, alipata ajali akiendesha Porsche 917 wakati filamu ya Le Mans ya McQueen ikipigwa mwaka 1970, akapoteza sehemu ya mguu. Agosti 1999, wakati wa kupiga filamu ya Taxi 2 huko Paris, gari lililoruka lilitua mbele kuliko ilivyokadiriwa, mpiga picha akafariki, na shauri likamfikisha mahakamani Rémy Julienne, bingwa wa zamani wa pikipiki wa Ufaransa, ambaye ndiye aliyezirusha zile Mini za The Italian Job juu ya mapaa ya Turin. Julienne alikuwa amefanya kazi katika filamu nyingi mno. Hata bwana wa namna hiyo, aliyeifundisha Ulaya kazi hii, alishtakiwa kwa ajili ya mita chache, na mahakama haikuuliza kama alikuwa jasiri. Iliuliza vipimo vilifanywaje na watu walisimama wapi. Hakimu wa Ufaransa aliielewa kazi ya dereva wa stanti kuliko mchambuzi wa michezo.

Jarier, kwa taarifa ya waliocheka, alikuwa na umri wa miaka 51 Ronin ilipokuwa ikipigwa, na alikuwa bado akishindana nchini kwake katika mbio za magari ya GT. Hakuwa amekwenda kwenye filamu kutafuta hifadhi ya uzeeni. Aliitwa kwa sababu muongozaji alihitaji mtu atakayeketi kulia kwa mwigizaji, aendeshe kwa mwendo wa kweli, apite kwenye tundu lilelile kila mara na asijulikane, na watu wa namna hiyo hawajai mtaani. Kwa hiyo vituo vya televisheni viyaache majina ya mwisho yapite yote, hata kama ni kwa dakika tatu tu, na matangazo ya kubeti yasubiri. Na mchambuzi mwenye kipindi chake, kabla ya mwaka 2028 haujafika na sanamu ya kwanza kutolewa, atafute nafasi ya kuyasoma.